Chokaa Chini ya Nyumba ya Mama

Ufa ulianza juu ya dirisha, kwenye kona ya chumba cha mama, mwembamba kama unywele. Nilipouona tu nikajua wa kulaumu ni fundi.

Mama aliteremka kutoka Mwika kwa sababu ya magoti. Baridi ya mlimani ilikuwa imemshinda. Mimi ndiye niliyemtafutia kiwanja Mabogini na kusimamia ujenzi, ingawa sijasomea ujenzi. Nimejifunza mwenyewe kwenye simu, nikirudia video ileile hadi bando linaisha. Kule juu ardhi ni nyekundu na imetulia. Huku chini ni udongo mweusi wa mfinyanzi: kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia, masika unavimba na kuinua chochote kilicho juu yake. Dawa niliyojifunza ni kuuchanganya na chokaa, kuulowesha na kuushindilia, ndipo ujenge msingi. Siku ya kuchanganya nilikuwa kazini mjini. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipopata pa kukaa.

"Chokaa uliweka yote?" nilimuuliza fundi nilipomwita aone ufa.

"Injinia wa simu," akasema, "ulitaka niipeleke wapi? Nisongee ugali?"

Sikucheka. Mtu akijibu swali langu kwa mzaha, namshuku zaidi.

Nilibandika kipande cha kioo juu ya ufa. Ukitanuka, kioo kinavunjika. Kikavunjika. Nikadhani watoto wa jirani wamekigonga. Nikaweka kingine, nacho kikavunjika. Mlango wa mama ukaanza kukwama. Aliusukuma kwa bega na kuniambia ni mbao tu, lakini nilijua nyumba ikizidi kupinda hatakuwa na pa kwenda ila kurudi mlimani, kwenye baridi, na magoti yale.

Jumamosi nikachimba nje ya ile kona, nikatoa donge la udongo chini ya zege. Nilikuwa nimesoma kwamba udongo wenye chokaa ukiumwagia siki hutoa mapovu. Nikachukua na donge la shamba la jirani, la kulinganisha. La jirani likalowa tu. La kwetu likatoa mapovu. Nikaenda kununua siki nyingine, maana ile ya kwanza niliitilia shaka. Mapovu tena.

Chokaa ilikuwepo. Badala ya kufurahi, nilijisikia kama mtu aliyenyang'anywa mshtakiwa wake.

Ndipo nikaliangalia shimo lenyewe. Kiwanja kizima kilikuwa kimekauka na kupasuka, ila shimo langu lilikuwa linajaa maji taratibu. Nikainua macho. Migomba ya mama ilikuwa imenawiri karibu kabisa na ukuta, na mwenyewe anakuja na ndoo ya maji ya vyombo.

"Mama, unaimwagilia kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Nyumba bila mgomba mimi naiona kama gesti."

Nimezaliwa katikati ya kihamba, shamba la ukoo kule mlimani, migomba ikigusa madirisha. Ile ya Mabogini niliipita kila nilipokuja kukagua ufa, na sikuwahi kuishuku. Chokaa ilikuwa imetuliza udongo wa juu tu. Maji yalizama chini zaidi, kwenye mfinyanzi ambao hatukuugusa, na kuuvimbisha upande mmoja.

Nilimweleza kwa maneno mengi mno, kama kawaida yangu. Akaisogelea kona, akautazama ufa.

"Kumbe nilikuwa nainywesha nyumba," akasema, akaenda kumwaga ndoo mbali na ukuta.

Tulihamishia machipukizi mwisho wa kiwanja na kukata mashina ya zamani. Kioo cha sasa bado kizima, na mlango unafunguka kwa kidole. Hata hivyo, kila nikifika, kabla ya kuingia nazunguka nyuma, nachuchumaa na kubonyeza udongo wa ile kona.

"Pakavu?" mama anauliza dirishani.

"Pakavu, mama."

"Nusa pia, kama huniamini."

Nanusa.