Mayai Ambayo Sikumwonyesha Mama

Kwa miaka mitatu mama yangu aliamini kwamba kazi yangu ni kupima maji. Nilimwambia niko labo, kwenye fakulte ya kilimo ya chuo kikuu hapa Lubumbashi, naye akajaza mwenyewe yaliyobaki. Labo ni mahali pa kupima, mimi si mtu wa hospitali, basi ni maji. Wenzake wa kanisani walipomuuliza baada ya Misa, alisema mtoto wake anapima maji ya mji mzima. Nilisimama kando na kutabasamu.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nalea viwavi. Wale wa mahindi, wenye alama ya Y iliyopinduliwa usoni. Kila mmoja nilimweka katika kikombe chake cha plastiki chenye kifuniko, kwa sababu wakikaa pamoja wanalana. Niliwapikia uji mzito wa maharagwe yaliyosagwa, unga wa mahindi na hamira, na ukishapoa niliukata vipande. Wakikomaa walijifunga kwenye maganda ya kahawia, na baada ya siku kadhaa wakatoka wakiwa nondo wa kijivu. Niliwahamishia kwenye vizimba vya neti. Huko walipandana, wakataga, na mimi nikahesabu mayai kwa kioo cha kukuzia.

Mama alikuwa na shamba kwenye barabara ya Kasenga. Aliachiwa na baba, ambaye alikuwa mtu wa reli. Si shamba kubwa, lakini bukari tuliyokula nyumbani, ugali wetu wa kila siku, ilitoka pale. Misimu mitatu mfululizo viwavi walimharibia. Mara moja alinyunyiza dawa aliyouziwa sokoni ndani ya chupa ya maji, haina hata karatasi ya jina. Ilimtoa malengelenge mikononi, na viwavi wakabaki palepale. Ndiyo maana niliona heri aendelee kuamini habari ya maji.

Jumapili moja ya Januari alichukua simu yangu atazame picha za arusi ya binamu. Kidole chake kikapita arusi, kikaendelea.

"Hii iko nini?"

"Ni kazi, mama."

Akaisogeza simu karibu na macho. Ilikuwa picha ya meza yetu, vikombe safu kwa safu, kila kimoja na kiwavi wake.

"Hii iko bilulu ya mahindi yangu," akasema. "Munabiua?"

"Hapana. Tunawalea. Tunataka kujua tabia yao."

"Binakula nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshadanganya vya kutosha.

"Maharagwe. Na unga wa mahindi."

Aliiweka simu mezani polepole. "Bilulu binamaliza mahindi yangu ku shamba, na mutoto yangu anabipikia unga ku muji." Hakupaza sauti. Aliinuka akaenda jikoni, na kwa wiki tatu tukaongea yaliyo ya lazima tu: chumvi imeisha, funga mlango, kuna mtu anakutafuta.

Nilijaribu kumweleza. Mkubwa wangu wa kazi, mwanamke wa rika langu ambaye sote tulimwita Dokta, alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na swali moja: nondo jike anachaguaje jani la kutagia? Nondo haonji kwa mdomo peke yake. Ana vinyweleo vya kuonjea miguuni, na vingine kwenye ncha ya tumbo, pale mayai yanapotokea. Anatua juu ya jani, analipigapiga kwa miguu, na hivyo anajua kama watoto wake watapata chakula hapo. Vipokezi hivyo vya ladha vinatengenezwa kwa maagizo ya jeni, na Dokta alikuwa akiifuatilia jeni moja kati ya nyingi. Aliyadunga maganda kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Ndani yake mlikuwa na kitu cha kuinyamazisha jeni hiyo kwa siku chache. Kisha tulingoja nondo watoke, tuone kama watataga kama wenzao.

Mama alinisikiliza huku akichambua mboga. "Sasa mule ndani ya hii yote," akauliza, "bukari iko wapi?"

Nilichukua fungu la mboga, nikaanza kuchambua upande wangu.

Mwezi Februari mayai yetu yalianza kukauka bila kuanguliwa. Kizazi baada ya kizazi walikuwa wametoka kwa wazazi walewale wachache. Dokta akasema damu imekuwa moja, tunahitaji viwavi wapya kutoka shambani. Tulitafuta karibu na fakulte, lakini mashamba yale yalikuwa yamepigwa dawa juzi tu. Dokta akaniuliza kama najua shamba lolote ambalo halijanyunyizwa mwaka huo.

Nililijua.

Jumamosi nilimkuta mama katikati ya mistari, ameinama, kikwembe amekifunga juu ya magoti. Nilikuwa na katoni la vikombe vitupu. Akalitazama katoni kabla ya kunitazama mimi.

"Unakuya kubiondoa, ao unakuya kubikamata ukabichunge vizuri?"

"Kuwachunga, mama. Wetu wanakufa."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alicheka, kicheko kifupi cha puani, cha kwanza tangu ile Jumapili. "Kumbe binakufaka na kwenu." Akapokea nusu ya vikombe. "Nitakusaidia, lakini utanipeleka nione. Minataka kuona ile bintu na macho yangu."

Alikuwa hodari kuliko mimi. Aliona jani lililotobolewa kama dirisha, akafuata kinyesi kilichofanana na unga wa mbao hadi katikati ya mmea, pale majani machanga yanapojikunja, akaingiza vidole viwili na kumtoa kiwavi mzima bila kumbana. Kufikia saa sita vikombe vilikuwa vimejaa. Tulikaa kivulini tukanywa munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi, aliokuja nao kwenye chupa, tukaongea habari za arusi ambayo hakuwahi kumaliza kuitazama.

Ilipita karibu miezi miwili kabla ya kumpeleka, kwa sababu viwavi wale walihitaji kukua, kugeuka nondo, kuzaa, na watoto wao kudungwa. Alikuja Jumatano amevaa kama wa Misa. Dokta alimpokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Karibu, Mama. Hawa wote ni wajukuu wa shamba lako."

"Minajua," mama akajibu. "Banafanana."

Chumba cha nondo tulikigeuzia saa: usiku taa zinawaka, mchana tunazima, ili watage wakati wa kazi. Tuliingia gizani na balbu nyekundu moja. Vizimba vilikuwa viwili, kila kimoja na mche wa mahindi ndani ya kopo. Katika cha kwanza jike alitua, akapigapiga jani kwa miguu, akageukia upande wa chini, akatulia. Katika cha pili jike alitembea juu ya jani kama anayetembea juu ya meza, akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Mwishowe akataga kidogo kwenye neti.

"Huyu amepotea," mama akasema.

"Haonji vizuri," Dokta akasema. "Lakini mmoja si jibu, Mama. Lazima tuwahesabu wengi."

Mama alikuwa amerudi kwenye kizimba cha kwanza. Jike yule alikuwa amemaliza kutaga na sasa anayafunika mayai kwa manyoya ya tumbo lake mwenyewe, kidogo kidogo, hadi jani likabaki na kidoa cha kijivu, laini, kama pamba chafu.

"Ngojeni," mama akasema. "Ile iko kuvu."

"Hapana, Mama," Dokta akasema. "Ni mayai. Ndani ya kile kidoa kuna zaidi ya mia."

Kisha mama akanigeukia, na hata kwenye mwanga ule mwekundu niliuona uso wake ukibadilika.

"Ile minaonaka kila siku chini ya majani. Miaka yote. Minasema ni kuvu, minaacha. Weye ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza ya kazi."

Sikukusudia kumficha hilo. Lakini nilipoificha kazi nilificha pamoja nayo kila kilichokuwa ndani yake, na hili lilikuwamo. Ni jambo la vidole viwili: unalikuta jani asubuhi, unakiponda kidoa, na zaidi ya viwavi mia hawazaliwi. Nilikuwa nimeyahesabu mayai hayo kwa maelfu na kuyaandika kwenye daftari, na nyumbani nikala bukari ya unga wa kununua bila kusema neno. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona kazini, wala mahali pengine.

Mama alimuuliza Dokta swali moja tu kabla ya kutoka: hii ya kunyamazisha ladha itafika shambani kwake lini? Dokta hakumdanganya. Alisema hajui, labda miaka mingi, labda isifike kabisa.

"Aksanti kwa kusema kweli," mama akamjibu.

Msimu ule ulikuwa umeshapita. Alivuna sehemu ndogo, mahindi mengi yameliwa nchani. Hakunisema tena kwa jambo lile, lakini Novemba, mvua zilipoanza na mahindi yakafika kimo cha goti, alinigongea mlango Jumamosi asubuhi na mapema, ameshavaa mabuti.

Tulikwenda hivyo kila Jumamosi, na katikati ya wiki alikwenda peke yake. Tuligeuza majani mstari kwa mstari. Mwanzoni nilikuwa nikivikuta vidoa kabla yake. Kufikia Krismasi alikuwa amenipita. Hatukuvimaliza vyote, na viwavi wengine walivuka kutoka mashamba ya jirani, lakini mavuno yalitosha kula hadi mvua zilizofuata.

Dokta bado anahesabu. Majike walionyamazishwa jeni walitaga mayai machache kuliko wenzao katika vizimba vyetu, na sasa anarudia yote upya kabla ya kuandika chochote. Mimi bado napika uji wa viwavi. Mwezi uliopita mama aliwaleta shambani wanawake wanne wenye mashamba kando ya lake, akawasimamisha mbele ya mmea mmoja wa mahindi, akaniambia, "Baonyeshe." Niligeuza jani. Mmoja wao akasema hiyo ni kuvu. Mama alimshika mkono yule mwanamke, akamwekea kidole juu ya kidoa, wakakiponda pamoja.