Kiziwi, Maji Yasiyosema

Juzi muchana nilikuwa nachagua maharagi mbele ya nyumba yangu, hapa mujini Murara, telefone ikalia. Alikuwa mudogo wangu, binti wa mama yangu, aliyebaki peke yake kati ya wote niliozaliwa nao. Alikuwa amekaa kule Kanyaruchinya, kambi ya waliokimbia vita, mpaka kambi ikavunjwa, watu wakaambiwa kila mutu arudi kwao. Nilimuambia aje kwangu tubanane. Akasema amechoka kubanana. Akapanda kamyo, lori ya watu wanaobeba makala ya kupikia, ikamuacha kwenye kale kasoko ketu ka zamani, kule milimani Masisi, ikageuka. Kutoka pale mpaka kwetu ni kwa muguu.

“Yaya,” akasema, maana mimi ndiye mukubwa wake, “huku njia zimekuwa nyingi, na watu siwajue. Unikumbushe maji.”

Rafiki, neno hilo huwezi kulielewa mpaka nikueleze.

Kwetu kulikuwa juu, mahali ukungu unakaa mpaka jua limepanda sana. Ng’ombe walikuwa wengi, maziwa mengi, na mimi na mudogo wangu ndio tuliobebeshwa fromaji, jibini ya kwetu, kwenda kuuzisha sokoni, kikapu kichwani, harufu ya maziwa ya kuganda imeshaingia kwenye nywele. Shule niliiacha mapema, lakini ile njia niliisoma vizuri. Aliyetufundisha ni koko wetu, mama ya baba. Alikuwa anasema: “Muti watu wataukata, jirani atahama, maji mutayakuta.” Kwa hiyo hakutuonyesha muti wala nyumba ya mutu. Alitupa majina ya maji, na kila tukivuka tulipaswa kuita jina kwa sauti. Ukisahau moja, unarudi nyuma.

Ukitoka sokoni, ya kwanza ni Kacheko, yale yanayocheka juu ya mawe madogo. Pale tulinawa miguu tukienda, ili tusiingie sokoni na matope kama watu wasio na mama. Oh, ule musoko. Harufu ya petroli na sabuni, mashine ya fundi wa nguo ikilia, mikate ya yule mama jirani ya kanisa, ambayo tulinusa tu.

Ya pili ni Mama-Mukwe. Njia inapita chini ya jiwe kubwa, lazima uinamishe kichwa, na maji yenyewe ni baridi, hayakuchekei. Ya tatu ni Kachumvi. Ng’ombe wakifika pale hawataki kuondoka, wanalamba. Muchungaji wa jirani yetu alikuwa anawabembeleza kwa majina, na mimi majina yale ninayo mpaka leo: Bihogo, Gaju, Musafiri mwenye pembe moja, na Malikia, ambaye hakuwa na adabu. Tulikaa naye pale, tukila viazi vilivyochomwa kwenye majivu, mpaka midomo inakuwa myeusi.

Ya mwisho ni Kiziwi. Kiziwi hana sauti. Anapita chini ya majani, huwezi kumuona wala kumusikia, mpaka muguu wako uko ndani. Kuna mwaka alikuja mwalimu mupya kutoka Butembo, kijana mwenye viatu vya kung’aa, akataka kufika kwetu kusalimia wazazi. Tulitembea nyuma yake kwa heshima. Akaingia mpaka kwenye goti.

“Ninyi, kwa nini hamukusema hapa iko maji?”

Mudogo wangu akamujibu: “Mwalimu, hata yenyewe haisemake.”

Mwalimu alicheka mpaka kiatu kimoja kikabaki mule.

Basi juzi nikamupa mudogo wangu maji yale, moja moja. Niliacha maharagi. Alikuwa anakata telefone ili asimalize moto, ile chaji yake, kisha anapiga tena.

“Kacheko iko. Bado inacheka, huyu mujinga.”

“Pita. Unainamisha kichwa sasa.”

“Weye ndiye ulikuwaka unalia kwa Mama-Mukwe, si mimi.”

Wajukuu wangu walikuwa wanacheka kwamba koko anaongea na mito. Mimi nilikuwa naangalia mbingu. Mawingu yalikuwa yanashuka upande wa kule, saa za jioni zinakaribia, na yeye ni mama muzee, peke yake, mulimani ambako hakuna mulango atakaogonga. Kamyo ilisharudi. Na mimi magoti yangu hayanifikishi hata kanisani.

Kwa Kachumvi alisema hakuna ng’ombe. Hata mavi ya ng’ombe hakuna. Kisha akakata, akatembea mpaka alipodhani ni kwa Kiziwi, akapiga tena.

“Yaya, hapa maji haiko. Iko majani tu.”

“Umepiga muguu chini?”

“Nimepiga. Labda nimepotea.”

“Weka mukono. Chini kabisa, chini ya majani.”

Nilisikia akihema, mutu wa umri wake akipiga magoti. Nilisikia majani. Nikaomba Mungu, kweli, nikimuombea mukono tu.

“Imelowa,” akasema. “Yaya, mukono imelowa. Iko hapa, Kiziwi.”

Tulicheka wote wawili. Nililia pia.

“Sasa?” akauliza. “Nipite wapi?”

Nikafungua mudomo, na hapo ndipo nilijua. Koko hakutufundisha kitu chochote baada ya Kiziwi. Hakukuwa na haja. Ukisimama pale unaona moshi wa jiko letu, unanusa sombe, majani ya muhogo yanayochemuka, unasikia mama anamuita mutoto fulani na kumutukana kidogo. Kila mara alikuwa anamaliza vilevile: “Kisha Kiziwi, mufuate moshi.” Njia yetu yote ilikuwa imefungwa kwenye ule moshi, na hatukuwahi kufikiri kwamba moshi nao unahitaji mutu wa kuuwasha.

“Angalia moshi,” nikasema.

“Moshi haiko, yaya. Kila upande ni kijani tu.”

Mbele yangu mbabula, jiko langu dogo, ilikuwa inawaka, mujukuu ameshaweka maharagi, na moshi ulikuwa unapanda vizuri, moshi muzito, wa nyumba yenye watu. Kutoka Murara nani atauona kule juu?

“Uko unanisikia?” akauliza. “Usikate. Sema kitu.”

Sikuwa na maji mengine ya kumupa. Nikaanza kumutajia ng’ombe. Bihogo, nikasema. Gaju. Musafiri. Na yeye kule, kati ya majani, alikuwa anaitikia kila jina, mpaka moto wa telefone yake ukaisha.