Heshima inayomnyima mizigo Mama Apolline

Alfajiri hii boti ya mananasi kutoka kisiwa cha Idjwi inagusa gati, na wanawake wabebaji wanaikimbilia kabla haijafungwa. Mama Apolline yumo katikati yao, kamba ya kubebea begani, kiwiko chake kikali kama cha mwingine yeyote. Anafika miongoni mwa wa kwanza. Anageuka, anainama, anangoja gunia limlalie mgongoni.

Gunia haliji.

"Hapana, koko," anasema Charlène, mfanyabiashara mwenye mananasi, akimwita kama bibi yake. "Wewe ikala pale kwenye kivuli. Miye ntamuwekea aje gunia mutu mwenye ameona mutoto ya mujukuu wake?"

Wenzake wanacheka, si kwa ubaya. Mzigo anapewa aliyekuja nyuma yake.

"Basi heshima yako ikuje na chakula, Charlène!" anajibu Apolline, akijinyoosha polepole. "Kivuli nilishakula jana."

Ana miaka sitini na nne. Alikuja Bukavu kutoka Luhwindja akiwa mjane mwenye watoto wanne, baada ya shimo la dhahabu kumfukia mumewe. Kazi aliyoipata ni hii: kupandisha mizigo kutoka ziwani hadi soko la Kadutu, mlima mtupu, mkanda wa kamba ukipita kwenye paji la uso. Alama yake iko pale, mfereji mdogo ambao kitambaa cha kichwa hakiwezi kuuficha. Kilo sabini zilikuwa za kawaida kwake. Kwa mgongo huo watoto walisoma, na kila jioni palikuwa na unga na dagaa wa sambaza kidogo.

Nguvu bado anazo. Kilichomponza ni furaha.

Baada ya Pasaka mjukuu wake Mapendo, anayeishi naye, alijifungua mtoto wa kike na kumpa jina la bibi, Apolline. Kesho yake bibi akaja gatini na beseni la mandazi. Akawagawia wabebaji, wenye boti, hata mlinzi. Akacheza. Akapiga vigelegele mpaka waliolala ndani ya boti wakatoka kuuliza kuna nini. Kuna kitukuu, akawaambia, mimi nimeona kitukuu kwa macho yangu!

"Nilijitangaza mwenyewe," anasema sasa, ameketi pembeni, mikono haina kazi. "Hakuna mutu alinisukuma. Ule mudomo, kama ningeufunga siku ile moja tu!"

Maana hadi siku hiyo alikuwa Mama Apolline, na kwa waliotaka kumbembeleza alikuwa hata dada. Mvi zake walikuwa wakiziona, ila hakuna aliyezisema. Lakini kwa wafanyabiashara wa gati hii, kumtwika mtu aliyefikia kitukuu ni aibu. Nani atakubali aibu hiyo isimuliwe kwao?

Na uzee wenyewe, jamani, hawaupimi kwa kipimo kimoja. Guylain, mwenye boti, hajafika arobaini, kitambi ndiyo kwanza kinachungulia, lakini kila mtu anamwita muzee, na neno hilo linamfungulia njia. Boti yake imechoka mbao, wao wanaisifu kuwa ni ya zamani, imezoea mawimbi. Kamba ikichakaa inaitwa kuukuu, inatupwa.

"Guylain iko muzee, banamupa mizigo ya boti muzima," anasema Apolline. "Boti iko ya zamani, banaiamini. Na miye? Banipime na boti ao na kamba?"

Guylain amemsikia. "Maman, usikasirike, siye tunakupenda!"

"Penda mugongo wangu, papa. Miye acha."

Siku nyingine anarudi nyumbani na nanasi moja la huruma. Linaliwa, kwa kuwa Mapendo ananyonyesha na jungu haliulizi chakula kimetoka wapi.

Jumatatu ataanza kwenye gati nyingine, upande wa Nguba, wanakoshusha simiti na unga. Huko hawamjui. Anataka abebe miaka miwili tu, mpaka Mapendo amalize kujifunza ushonaji.

Mapendo mwenyewe ameshuka kumletea uji, mtoto mgongoni. "Koko, kule kupya nitakuletea huyu ndoyi yako, bamuone mwenye jina lako?"

"Usimulete."

"Hata siku moja?"

"Hata moja. Bakiniuliza, nitasema niko na batoto bane. Mujukuu sina. Wewe mwenyewe ukinikuta mu njia na mutoto, pita."

Mapendo anatazama ziwa. Apolline anamfungua mtoto mgongoni mwa mama yake, anampakata, anamfuta mate kwa ncha ya kitenge.

"Miaka mbili tu, ndoyi," anamwambia. "Ukishajua kukimbia, ukuje unichukue wewe mwenyewe kule ku gati. Uniite koko kwa sauti, bote basikie."