Joto la Mguu wa Hezroni

Kaka yangu Hezroni alikuwa mbishi, na nisipoanza na hilo nitamsingizia upole ambao hakuwa nao. Pale kijijini kwetu Vudee yeye ndiye aliyekuwa akifungua ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, kazi aliyoirithi kwa baba. Asubuhi anapanda kwenye tuta, anachomoa gogo lililoziba mdomo wa bwawa, maji yanashuka kwa zamu. Mwenye zamu akichelewa, maji anapewa mwingine, hata kama aliyechelewa ni shemeji yake. Waliomchukia walikuwa na sababu.

Mwaka tisini na moja aliteleza kwenye tuta hilo hilo akavunjika mguu chini ya goti. Zahanati haikuwa na plasta wala dawa ya maumivu; miaka ile bendeji tulizifua na kuzianika uani kama nepi. Mfupa ulikaa mwaka mzima bila kushikana. Mwishowe tukampeleka hospitali kubwa Moshi. Wakachukua kipande cha mfupa wa nyonga yake, wakakipandikiza kwenye pengo la mguu, kisha wakafunga plasta yenye kidirisha ili kidonda kisafishwe.

Siku ya kuruhusiwa, Daktari Salha alitukalisha chini. Alikuwa mdogo kwetu kwa umri na alituamkia kwanza. Alisema mguu utavimba kiasi na kuwa na joto siku za mwanzo, tusiogope. Tukiona usaha turudi upesi, na tusimpe dawa yoyote nje ya zile za kwenye bahasha.

"Mwili unajitengenezea dawa pale pale kidondani," alisema. "Ni vipande vidogo sana vya protini. Vinaua vijidudu, tena vinawaita askari wa damu waje kusaidia. Kazi ikiisha, vinawatuliza ili mfupa ushike. Wataalamu ndiyo kwanza wanavichunguza. Ninyi waacheni askari wafanye kazi yao."

Hezroni akamjibu kwamba hilo analijua, ni msaragambo, kazi yetu ya pamoja kule milimani: pembe inapigwa, watu wanakuja, tuta lililobomoka linazibwa, kila mtu anarudi kwake. Daktari akacheka, akakubali.

Basi alielewa kuliko mimi. Lakini msaragambo wenyewe wa ndiva ulikuwa umekaribia, na wazee walishasema kwamba asipoweza kusimama kwenye tuta siku hiyo, kazi itakwenda kwa Eliufoo, mtoto wa baba mdogo. Mguu ulikuwa wa moto, umebanwa na plasta, na kaka yangu alikuwa akiuma shuka kwa maumivu.

"Mdogo wangu," akaniambia, "nitafutie kitu."

Nasema wazi: aliyenunua ni mimi. Nilishuka mjini Same. Maduka yaliyokuwa matupu miaka na miaka sasa yalijaa kila kitu, na dawa zikiuzwa bila cheti. Muuzaji mmoja akanifungia kwenye gazeti vidonge vidogo vyeupe, akasema vinaondoa uvimbe na maumivu. Hakunidanganya. Sisi tulizoea kulia kwamba dawa hakuna. Kwamba dawa iliyopo inaweza kudhuru, hilo halikuniingia akilini.

Siku ya tatu uvimbe ulikwisha na mguu ukapoa. Nilitoa shukrani kanisani, Mungu anisamehe. Hezroni akaenda msaragambo kwa magongo, akasimama kwenye tuta, akagombana na watu wawili kabla ya saa nne, na gogo likabaki lake. Nilimwona nikafurahi mno.

Siku ya kumi nilisikia harufu. Nilipofungua kidirisha, maji ya kijivu yakatoka, na mwenyewe alikuwa akinisimulia habari za mifereji, hana habari kabisa.

Kule Moshi Daktari Salha alifungua plasta, kisha akauliza amepewa nini. Nikafungua fundo la kanga yangu, nikaviweka mezani vidonge vilivyobaki. Alikichukua kimoja akakigeuza kwenye mwanga.

"Hivi vinawafunga askari mikono," alisema. "Vijidudu vimekula bila kuguswa. Mama, mguu huu hauponi. Tukiuacha, tutampoteza yeye."

Nilitaka anitukane. Hakunitukana.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Siku ya pili nilimweleza kaka yote, nikilia, kwamba ni mimi. Akasema, "Niliomba mwenyewe," akageukia ukutani. Yule aliyebishana na kila mtu tangu utotoni alikuwa ameacha ubishi. Hapo ndipo nilipokata tamaa.

Muuguzi alipokuja na sindano, Hezroni alimshika mkono akamuuliza kama dawa ile inaondoa joto. Muuguzi akamjibu kwa upole kwamba ni ya kuua vijidudu tu. Ndipo akakubali kuchomwa. Kisha akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya bendeji, pale mguu ulipoishia.

"Una joto?" akauliza.

Sikujua kama joto lile lilikuwa la mguu au la kiganja changu.

"Upo moto, kaka."

"Askari wamekuja?"

"Wamekuja."

Nikauacha mkono pale pale mpaka muuguzi aliponiambia kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha.