Kidege Juu ya Paa la Kariakoo

Mume wangu alipoacha kazi bandarini kwa sababu ya mgongo, alianza kuunda videge vya kurusha kwa rimoti. Mabawa alikata kwenye yale mapande meupe mepesi yanayofungiwa televisheni, akafunga mota na betri. Tuliishi ghorofa ya juu kabisa Kariakoo, na alirushia palepale juu ya paa.

Mimi nilikuwa natoka dukani jioni miguu imevimba. Nikipanda kuanua nguo, ananiomba nimwangalizie anga. Macho yake yalipaswa kubaki kwenye kidege, na ndege za abiria zikielekea uwanjani hupita juu yetu. Hilo alilijua. Aliamini tu kwamba zile ziko juu sana.

Jioni moja, shuka likiwa begani, nilisikia mngurumo nisiouzoea. Helikopta ilitokea upande wa Posta, chini ya mawingu, chini kuliko nilivyowahi kuona.

"Baba, kishushe. Kuna helikopta."

"Iko wapi?"

"Nyuma yako. Inakuja huku."

Aligeuka kuitazama. Aliporudisha macho, jua lililokuwa likizama upande wa Magomeni lilimpiga usoni, na kidege akawa hakioni tena.

"Niambie kiko wapi," alisema.

"Juu ya lile jengo la bluu. Kirudishe kwetu. Kulia. Kulia tena."

Akakiona. Kukitua vizuri kulihitaji kukizungusha kuelekea inakotoka helikopta. Kukiachia kianguke nako hakukuwezekana, mtaani watu walikuwa wamejaa. Akazima mota, akakielekeza kwenye tangi letu la maji. Kikapasuka vipande. Helikopta ikapita, nguo zote zikayumba kwenye kamba.

Alikaa chini akaokota vipande, akavitia kwenye beseni.

"Wale hata hawakutuona," alisema.

"Ndicho kilichonitisha."

Usiku ule hakula.

Baadaye alikwenda mwenyewe kuuliza kwenye ofisi inayohusika na mambo ya anga. Wakamwambia pale tunapoishi haparuhusiwi, atafute uwanja ulio mbali na njia ya ndege, asirushe juu sana, na awe na kibali. Alirudi mpole, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua tayari.

Sasa Jumapili tunaenda nje ya mji, tukipanda mabasi mawili, kidege kipya kimefungwa ndani ya shuka. Ningependa kulala. Lakini hawezi kutazama pande zote peke yake, kwa hiyo nasimama nimempa mgongo, natazama anga tupu mpaka shingo inauma. Juzi niliona ndege ndogo ya abiria, mbali sana, labda inaenda Zanzibar. Nikamwambia ashushe. Akashusha bila kubishana, akakaa kwenye nyasi kando yangu, tukasubiri ile ndege ipite. Ilichukua muda mrefu. Nilisinzia nimeegemea bega lake.