Mfuko Ulioanguka kwenye Nepia

Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishtua tena. Nilimwambia hivyo yule binti rubani likizo ya Desemba iliyopita, akinifunga mkanda ndani ya kindege cha viti viwili, pale kwenye klabu ndogo ya ndege nje ya Nyeri. Nilimwambia nimevunja mawe kwa nyundo tangu nilipoacha shule darasa la sita, nimepigwa na majambazi barabara ya Nanyuki nikawarudishia, na malori ya mchanga anayoyaona yakipanda kwenda Kianyaga, mengi ni yangu.

“Sawa mzee,” akasema, “lakini shika hapo juu. Upepo wa huu mlima haujui wewe ni nani.”

Kweli haukujua. Ulitupiga teke tumboni mara tu tulipoacha nyasi, ukatuinua, ukatuangusha, kichwa changu kikagonga dirisha. Nilikuwa bado natafuta la kumwambia ule upepo wakati binti aliponiwekea mapajani mfuko wa karatasi uliofungwa kwa uzi. Ilikuwa siku yao ya mashindano. Abiria anatupa mfuko, na ambaye mfuko wake utaanguka karibu zaidi na pipa jeupe uwanjani ndiye mshindi. Nikauinua, nikaunusa. Unga wa ngano. Na hapo, rafiki yangu, sikuwa tena mtu mwenye malori.

Kama ulilelewa huku kwetu unaukumbuka mwaka wa mahindi ya njano. Mvua ilikataa, kahawa ikakauka mitini, nasi tukala ugali wa msaada ulionuka gunia. Niliishi na nyanya yangu, mama yake mama, kwenye mteremko chini ya uwanja huo huo. Ng'ombe alikuwa ameuzwa, amebaki mbuzi mmoja, na kazi yangu ilikuwa kumkatia majani marefu ya nepia kando ya mto kila asubuhi, umande ukiniuma miguu, kisha nipande na mtungi wa maji. Jumamosi ndege za klabu zilikuwa zikinguruma juu yetu kama mashine ya kusaga. Zilitukumbusha njaa.

Jambo moja tu lilikuwa akilini mwangu Desemba ile: chapati. Kwetu chapati zilipikwa siku ya Krismasi pekee, na nyanya alikuwa ameshaniambia nisahau.

Basi Jumamosi moja ndege zikaanza kuangusha unga.

Ulikuwa mchezo wao, huu huu wa pipa. Lakini sisi nani angetuambia ni mchezo? Kijiji kizima kilijua kwamba ule ni msaada, na kwamba serikali imetutumia watu wasiojua kulenga. Nyanya alitazama mfuko wa kwanza ukipasukia mbali na pipa, akasonya. “Ati huyu amesomea wapi? Hata mimi na hii jicho yangu mbovu ningegonga!”

Tukakimbia, watoto wote. Soja aliyelinda klabu alikuwa na kiboko cha mpira wa tairi, naye alikuwa na mkono mzuri. Tulilamba unga kwenye nyasi kama ndama walambao chumvi, huku kiboko kikitua migongoni. Unalamba, unachapwa, unalamba. Wakubwa waliwakanyaga wadogo vidole. Msichana mmoja alikusanya unga kwenye sketi yake, wavulana wakaichana, akabaki amekumbatia kitambaa kitupu huku akimpiga mateke kila aliyekuwa karibu. Pembeni, mabwana na mabibi wa klabu walikaa juu ya magari yao wakipiga makofi. Walidhani tunawashangilia.

Ndege ya mwisho ilikosea kabisa. Mfuko ulipita juu ya ua wa klabu ukazama kando ya mto, upande wa kwetu, kwenye nepia. Haukupasuka. Niliuona ukizama mzima mzima, na mtoto wa jirani aliuona pia.

Huyo tuliketi dawati moja. Alikuwa na miguu mirefu kuliko yangu, kwa hivyo nilimkuta tayari ameulalia mfuko kifudifudi. Nilimpiga ngumi ya kisogo. Akageuka, akanichoma kidole jichoni. Nikamkaba koo, tukabiringika, nepia ikitukata nyuso kama wembe, na hakuna aliyepiga kelele, maana kelele ingeleta wengine. Kisha akaniuma sikio. Hakuuma kwa mchezo. Nilisikia nyama ikikatika, kama mtu anayeuma pera bichi. Nikamgonga pua kwa paji la uso, nikagonga tena, mpaka mikono yake ikalegea. Niliondoka na mfuko tumboni, karatasi ina damu yetu sote wawili. Mpaka leo sikio langu la kushoto ni fupi, na sijawahi kulionea aibu.

Nyanya alinichapa kwanza, kwa mwiko, kwa sababu ya shati. “Shati ya kanisa! Shati ya kanisa!” Kila neno na mwiko wake. Halafu akauona mfuko. Akaupokea, akaunusa, akaketi.

“Ni ya ngano,” akasema polepole.

Alikuwa bado ananibandika majivu sikioni wakati mama jirani aliposukuma lango. Mkono mmoja ameshika panga, mwingine amemshika mwanawe, pua imevimba kama kiazi.

“Cucu,” akamwita nyanya kwa Kikuyu, “toa huo unga. Imeanguka kwa nepia yangu.”

“Imeanguka upande wangu wa maua,” nyanya akajibu bila kuinuka. Mpaka wa mashamba yetu ulikuwa mstari wa maua ya itoka waliyopanda waume zao, na kwetu mtu hangeng'oa ua hilo hata kama amelewa.

“Kijana yako amevunja wangu pua!”

“Na yako imekula sikio ya wangu. Unataka tupime nyama?”

Nyanya aliinuka na mchi. Wale walikuwa wanawake waliokuwa wakiazimana chumvi, wakibebeana kuni, wakiimba sauti moja kanisani. Mchi ulikosa kichwa, ukaponda sufuria. Panga likashuka. Nyanya alijikinga kwa kitu alichokuwa nacho mkono wa pili, na kitu hicho kilikuwa mfuko.

Unga ulimwagika wote. Ulifunika matope ya uani, kuku, miguu yao wenyewe. Kidole cha nyanya kilikuwa kinavuja damu juu yake. Kuku mmoja akadonoa, na kelele zilizowatoka wale wawili kwa pamoja sijazisikia tena, hata kwa watu wanaoibiwa.

“Fukuza hao! Leta chekecheo! Nyinyi vijana, msikanyage hapo!”

Panga lilitupwa huko. Walipiga magoti kichwa kwa kichwa, wakakusanya kwa viganja, wakachekecha, wakapuliza, wakachekecha tena. Mama jirani alimfunga nyanya kidole kwa upindo wa leso yake, halafu akaenda kwake akarudi na mkebe wa mafuta aliokuwa ameuficha hata mumewe asiujue. Krismasi haikungojewa. Jioni ile ile tulikula chapati, mimi na yule aliyeniuma tukiwa tumekaa kwenye kigogo kimoja, mchanga ukilia kwenye meno yetu. Sijala chapati nyingine kama zile, na mimi nimekula katika hoteli ambazo wewe unapita nje tu.

“Mzee, achilia! Sasa!” binti rubani akapaza sauti.

Pipa lilikuwa chini yetu. Upepo ulitupiga ubavuni. Mikono hii, iliyovunja mawe, haikufunguka. Binti akazungusha ndege, tukashuka tena mpaka nikaona kivuli chetu kwenye nyasi.

“Achilia!”

Siwezi. Nilimwambia hivyo, siwezi, machozi yakinitoka kama mtoto, mimi niliyesema sishtuki. Nikatazama upande wa mto. Hakuna mtoto aliyekuwa akikimbia. Nepia hakuna. Ni ploti, matangi meusi ya maji, mabati ya rangi. Maua ya itoka yaling'olewa na watoto wa watoto, wakachimbia vigingi vya saruji. Wanawake wale wamelala makaburini, na hakuna aliyebaki anayejua mstari ulipita wapi isipokuwa watu wawili.

Tulipotua, binti alinieleza sheria ya klabu: anayerudi na mfuko analisha kila mtu uwanjani. Nikasema sawa, leteni mbuzi. Kisha nikampigia simu yule wa pili, ambaye siku hizi anauza maziwa Mukurweini. Alikuja na pikipiki yake, akanishika sikio mbele ya wageni wote.

“Hii bado haijamea?”

“Na hiyo pua bado haijanyooka?”

Unga wa mfuko wangu ulikandwa chapati. Zilitoka laini, safi, zenye mafuta ya kutosha. Rafiki yangu alitafuna, akanitazama.

“Kuna kitu inakosa,” akasema.

“Mchanga,” nikamwambia. Kisha nikalipa mbuzi, soda, mkaa na mpishi: shilingi elfu hamsini na tatu, mia sita na arobaini.