Uso Usiopimwa Mara ya Pili

Mji mzima wa Swamimalai ulijua kwamba Thaiyalnayaki, binti wa Ekambaram msubu wa sanamu za shaba, ni mtu wa kuhesabu. Alizihesabu ngazi sitini za hekalu la mungu Murugan kila alipopanda, ingawa hazijapata kuongezeka wala kupungua tangu enzi za babu wa babu yake. Alihesabu milio ya sufuria ya presha hata pale mchele ulipokuwa wa jirani. Wanawake wa mtaani walimcheka kwa upendo, naye hakuwaambia kwamba asipohesabu moyo humwenda mbio.

Alikuwa na shahada ya hisabati kutoka Kumbakonam. Ndoa ilipomshinda, akarudi kwa baba yake akiwa na miaka ishirini na tisa. Ekambaram hakuwa na mtoto wa kiume, na karakana ilihitaji mikono, basi akampa kazi ya kukunja kuti.

Kazi hiyo inaonekana ndogo. Unachukua ukuti mbichi wa mnazi, unauchana upate utepe mwembamba, unaukata urefu sawa na kimo cha sanamu itakayozaliwa. Kisha unaukunja na kuukunja tena mpaka mikunjo iugawe sehemu zinazotakiwa: mia na ishirini kwa Mama, mungu wa kike, mia na ishirini na nne kwa mumewe, Bwana Shiva. Kwa mikunjo hiyo hupimwa uso, shingo, kiuno, mpaka ukucha wa kidole cha mwisho. Thaiyalnayaki alikunja vizuri kuliko mtu yeyote mtaani. Miaka ikapita, akapewa nta yenyewe, ambayo sanamu hufinyangwa nayo kabla ya shaba, akatengeneza mikono, kisha miguu, kisha viwiliwili. Nyuso zilibaki za baba.

"Ukianza na ukuti, utapata mwanasesere," Ekambaram alizoea kumwambia. "Usipoushika kabisa, utapata ndoto zako tu. Oga, kaa chini, vuta pumzi mpaka iwe nyembamba kama uzi. Sema ubeti wa kumsifu Mama mpaka asimame ndani yako. Ndipo ufumbue macho uchukue ukuti."

Kwa miaka tisa Thaiyalnayaki alioga, akakaa, akavuta pumzi, akasema ubeti. Hakuna aliyesimama. Zilikuja namba tu, zimejipanga kama wanafunzi asubuhi. Aibu hiyo aliificha.

Mwaka huu walipata kazi mbili za kimo kimoja: Bwana Shiva wa tajiri wa Chennai, na Mama Sivakami wa kijiji kilichoko ng'ambo ya mto Kaveri. Sanamu ya kijiji hicho iliibwa miaka kumi na moja iliyopita. Tangu hapo wanawake wake walikuwa wakiliwekea maua jiwe tupu aliposimama. Thaiyalnayaki alitengeneza kiwiliwili cha Mama, mkono mmoja ukishika ua, mwingine ukining'inia kwa ulegevu kama mkia wa ng'ombe. Ekambaram, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alitengeneza kichwa. Alikiunganisha Jumanne, akapima, akasema, "Umekaa." Hapo pakaisha. Desturi ya karakana ni kwamba uso uliotengenezwa na mkuu haupimwi mara ya pili na mwanafunzi.

Jumatano alfajiri Thaiyalnayaki alikaa kama kawaida na ubeti wake, na Mama akasimama.

Hakukuwa na nuru wala sauti. Alisimama tu, kama mtu aliyekuwa mlangoni siku zote. Thaiyalnayaki alifumbua macho, akaitazama nta. Mwili ulikuwa wa Mama. Kichwa kilikuwa cha mtu mwingine.

Siku mbili hakula vizuri. Alikipima kiwiliwili mara nne, na mara zote nne kilikuwa sahihi. Angesema nini? Kwamba yeye, mtu wa namba, ameona? Udongo ukishapakwa, nta huyeyushwa ikamwagika, na mahali pake huingia shaba. Baada ya hapo hakuna wa kurekebisha. Kosa litakaa juu ya lile jiwe, na wanawake wataliwekea maua miaka mia.

Ijumaa ikafika. Udongo wa kwanza ulitakiwa kupakwa kabla ya saa nne na nusu, maana hapo ndipo inapoingia saa ya Rahu, saa ya mkosi, na Ijumaa katika saa hiyo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeanza jambo. Binamu yake Somaskandan, msubu wa shaba, alikuwa ameuponda udongo laini wa Kaveri mpaka ukawa kama uji.

"Dada, tuanze?"

"Subiri kidogo."

"Kidogo ya jana au kidogo ya leo? Udongo unanikaukia mikononi. Mwisho mtanisubu mimi."

Ekambaram alikuwa kwenye benchi, bilauri ya kahawa mkononi. "Anahesabu nini tena huyo? Vidole vya Mama ni kumi. Nilivihesabu kabla hajazaliwa."

"Baba," Thaiyalnayaki alisema. "Uso... umeupima?"

"Nimeupima."

"Kwa ukuti?"

Badala ya kukasirika, mzee alicheka. Akachomoa ukuti uliokuwa umechomekwa kiunoni, akainuka, akauweka usoni pa Mama, akapapasa mikunjo kwa kidole gumba. Kutoka nywele mpaka kidevu. "Umekaa," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Thaiyalnayaki aliangalia msumari wa ukutani. Kuti zilikuwa mbili, wa Bwana na wa Mama, na zote mbili zilikuwa zikitundikwa pale. Wa Mama alikuwa nao mkononi tangu asubuhi. Msumari ulikuwa mtupu.

Mbili, akahesabu. Mmoja kwangu. Mmoja kiunoni kwa baba.

Labda alijikunjia mwingine. Fundi aliyefanya kazi miaka hamsini hashindwi kujikunjia ukuti. Labda. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika nane.

"Baba, nipe ruhusa niupime uso."

Somaskandan aliacha kukoroga. Ekambaram aliiweka bilauri chini.

"Uso nilioupima mimi?"

"Ndiyo, Baba."

"Dada, tahadhari," Somaskandan alinong'ona, ingawa karakana nzima ilisikia. "Murugan alimfundisha baba yake, Shiva, kwenye kilima hiki hiki akajengewa hekalu. Wewe utajengewa kofi."

"Nyamaza, Soma!" mzee alifoka. Kisha, kwa binti yake, "Kuna nini? Umeona ufa?"

"Sijaona ufa."

"Namba zimegoma?"

"Namba zote ziko sawa. Zangu. Lakini si yeye, Baba. Akisimama, uso wake si huu."

Ekambaram alikigeuza kichwa chake polepole kumwelekea, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Pima," akasema.

Thaiyalnayaki aliuweka ukuti wake kwenye nywele za nta, akaushusha. Kidevu hakikufika kwenye mkunjo. Kilipungua kiasi cha unene wa punje ya mchele. Akapima tena. Punje ileile. Akaenda kwa baba yake, akaomba ukuti wake, akaziweka kuti mbili pamoja juu ya benchi. Urefu mmoja, lakini mikunjo haikukutana.

Mzee alizipapasa zote mbili, moja kwa kila mkono.

"Wa Bwana," akasema. "Nimempa Mama uso kwa kipimo cha Bwana. Niliuchukua tu msumarini. Sikuhesabu. Nilijiambia mikono inaona."

Akamgeukia binti yake.

"Ulijua lini?"

"Jumatano. Alisimama kwa mara ya kwanza katika miaka tisa." Alijisikia kama anakiri wizi.

"Miaka tisa!" mzee alisema. "Halafu ukanyamaza siku mbili?"

"Niliogopa."

"Mimi, au yeye?"

"Wote wawili."

Somaskandan alitazama saa, akavuta gunia bichi, akaufunika udongo. "Rahu kaingia," akasema. "Lala salama, udongo. Nani atawapigia kijijini?"

Siku njema ya kuanza jambo iliyofuata ilikuwa siku kumi mbele. Thaiyalnayaki alipiga simu mwenyewe. Mzee wa kijiji akauliza, "Kumetokea kosa gani?" Thaiyalnayaki akatazama benchi. Ekambaram aliinua kidole, akagusa kope zake, akainamisha kichwa kukubali: aseme ni macho yake.

"Ni uso," Thaiyalnayaki akasema kwenye simu. "Tunautengeneza upya."

Jumamosi alipasha kisu moto akakikata kichwa. Kisu kiliteleza, shingo ikapata kovu ambalo ilibidi alijaze. Aliyeyusha nta na sandarusi na mafuta ya karanga, akaweka bonge mbele ya baba yake.

"La nini kwangu?" mzee akasema, akalisukuma. "Wewe ndiye uliyemwona."

Basi Thaiyalnayaki alioga, akakaa, akasema ubeti. Namba zikaja. Akasema tena, namba zikaja tena, zimejipanga. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alilia kidogo bafuni huku akifungulia maji ili asisikike. Siku ya nne, alipokuwa amekata tamaa na anasema ubeti kwa mazoea tu, Mama alikuwa amesimama pale. Muda gani amekuwepo, Thaiyalnayaki hakujua. Hakuthubutu kuhesabu.

Alifanya kazi mpaka adhuhuri bila kugusa ukuti. Kisha akauchukua, na woga wote ukamrudia.

"Baba, njoo upime."

"Kwa macho gani?"

"Kwa kidole. Mimi nitasoma ukuti."

Ekambaram alifumba macho, ingawa hayakuwa na kazi kubwa yakiwa wazi. Kidole gumba chake kilianzia kwenye nywele, kikapita kipaji, kikashuka puani, kikasimama chini ya mdomo.

"Hapa," akasema. "Pamezidi. Kidogo sana, kama nusu ya punje."

Thaiyalnayaki aliinamia ukuti. Nao ulisema vilevile: nusu ya punje. Alipima tena, halafu mara ya tatu. Baba yake alisubiri, kidole kikiwa palepale, mpaka alipomaliza na kuchukua kisu cha kupunguza.